Ridhaa na Ujira: Wanamieleka wa Kulipwa na Njia ya Ziwa Tanganyika

Katika lugha ya michezo Kiswahili kimewagawa wachezaji mafungu mawili. Yuko mchezaji wa ridhaa, na yuko mchezaji wa kulipwa. Waingereza na Wafaransa humwita yule wa kwanza kwa neno lililotoka katika Kilatini, nalo maana yake ya asili ni mpenzi, yaani mtu achezaye kwa kuupenda mchezo. Waswahili hawakulifuata neno hilo. Badala ya kuuliza kama mtu apenda, waliuliza kama ameridhia. Ridhaa ni neno la Kiarabu lililokwisha kuzoea makao yake kwetu. Lasikiwa katika mambo ya ndoa, ambapo mwari huulizwa ridhaa yake, na katika mambo ya mapatano. Kwa maoni yangu uchaguzi huo wa neno ni bora kuliko ule wa Wazungu, maana mapenzi ni siri ya moyo, lakini ridhaa yaweza kuchunguzwa. Mtu aweza kuulizwa: ulikubali? Nani alikushurutisha? Na malipo yako yalikwenda wapi?

Maswali hayo matatu nataka kuyauliza juu ya mchezo mmoja ambao siku hizi umekuwa biashara kubwa duniani, nao ni mieleka ya Kijapani iitwayo jiu-jitsu, pamoja na ndugu yake judo. Nitayauliza nikisimama Ujiji. Huenda msomaji akastaajabu, kwa kuwa Ujiji haujulikani kwa mchezo huo. Walakini Ujiji wajua jambo moja ambalo ndilo kiini cha biashara hiyo, tena umelijua tangu zamani kuliko miji mingi: wajua nguvu za mwili wa mtu zinavyopimwa, zinavyopatiwa bei, na jinsi bei hiyo inavyoweza kuangukia mkononi mwa mtu asiyekuwa mwenye mwili.

Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, njia ya kutoka pwani kupitia Tabora ilikuwa imekwisha kukanyagwa na miguu ya watu wengi. Pembe za ndovu zilivushwa ziwa kutoka Manyema, zikabebwa begani hadi Bagamoyo. Hapakuwa na gari wala mnyama wa kutegemewa, kwa sababu ya mbung'o. Palikuwa na bega la mtu tu. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu ratili 70, mbali na chakula cha mpagazi, mkeka wake na chungu chake. Kwa kazi hiyo alipatana ujira, akalipwa kwa nguo, merikani au kaniki, na njiani akapewa posho.

Wasafiri wa Kizungu wameandika mengi juu ya wapagazi, na sehemu kubwa ya maandishi yao ni malalamiko: wapagazi ni wavivu, wapagazi wametoroka, wapagazi wametua mizigo na kudai nyongeza. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya kazi ya njiani katika karne ya 19, ameyasoma malalamiko hayo kinyume. Ameonyesha kuwa wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira walioijua thamani yao, wenye desturi zao za kazi, viongozi wao na fahari yao. Kutua mzigo njiani hakukuwa uvivu. Kulikuwa namna ya kujadiliana. Mpagazi aliyekuwa amepatana kwa hiari yake alijua kwamba msafara hauwezi kwenda hatua moja bila bega lake. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume. Basi hapo palikuwa na ridhaa na palikuwa na ujira, na viwili hivyo vilikaa katika mwili mmoja bila kugombana.

Lakini katika njia hiyo hiyo, pengine katika msafara huo huo, walikuwamo watu waliobeba mzigo ule ule bila kuulizwa. Mtumwa aliyetoka ng'ambo ya ziwa na mpagazi huru waliweza kufuatana kwenye kijia kimoja, na mtu aliyewatazama kwa mbali asingeweza kuwatofautisha kwa jasho lao. Tofauti ilikuwa katika hesabu ya mwisho wa safari. Tena ilikuwako hali ya katikati, nayo lugha yetu imetuhifadhia ushahidi wake. Neno kibarua maana yake ya kwanza ni barua ndogo, kipande cha karatasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili akionyeshe wakati wa malipo. Katika miji ya pwani wengi wa watu hao walikuwa watumwa walioruhusiwa na mabwana zao kwenda kuuza nguvu zao kwa wengine. Na jioni, sehemu ya ujira, aghalabu nusu, ilikwenda kwa bwana. Mtu wa namna hiyo alilipwa, na hata hivyo hakuwa wa kulipwa. Siku hizi twasema kibarua bila kuyakumbuka hayo, na labda ni heri. Lakini mwanafunzi wa lugha hana ruhusa ya kusahau.

Nyuma ya wote hao walikaa watu ambao mabega yao hayakubeba kitu. Taria Topan wa Unguja, Mhindi aliyekuwa tajiri mkubwa wa zama zake, aliwakopesha wenye misafara, na Tippu Tip alikuwa miongoni mwa waliokopa kwake. Pembe ilipofika pwani deni lilitolewa kwanza. Kwa hiyo thamani ya hatua moja ya mpagazi wa Ujiji iligawanywa kabla hajaipiga.

Reli ilipofika Kigoma mwezi wa Februari 1914 kazi ya masafa marefu ilikwisha, na Ujiji ukaanza kumwachia jirani yake nafasi ya kwanza. Hayo yanajulikana, wala sina haja ya kuyarefusha.

Sasa twende Japani. Mwaka 1882 Kano Jigoro alianzisha chuo chake cha Kodokan huko Tokyo. Alizichukua mbinu za jiu-jitsu ya zamani, akaziondoa zile zilizodhuru sana, akaziunganisha na malezi ya tabia, akaiita elimu yake judo. Kano alikuwa mwalimu, naye hakupenda wanafunzi wake wapigane kwa fedha. Lakini mmoja wao, Maeda Mitsuyo, aliondoka Japani mwaka 1904 akaenda Marekani, kisha akazunguka nchi nyingi akishindana na wanamieleka na mabondia mbele ya watu waliolipa kiingilio. Alijiita Conde Koma, jina la jukwaani, na mwaka 1914 akafika Brazili. Katika mji wa Belém, kwenye milango ya mto Amazon, alimfundisha kijana aitwaye Carlos Gracie. Kwa kuwa jina la judo lilikuwa bado geni, elimu hiyo ilijulikana kwa jina la zamani, na hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba jiu-jitsu ya Brazili ni mtoto wa judo aliyepewa jina la babu yake.

Familia ya Gracie ilifanya mambo mawili kwa pamoja, na mambo hayo ndiyo mhimili wa biashara hii hata leo. Ilifundisha kwa ada, na ilipigana hadharani ili kuthibitisha kwamba kinachofundishwa kwa ada ni kweli. Pambano lilikuwa tangazo, na darasa lilikuwa duka. Tarehe 23 Oktoba 1951, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Hélio Gracie alipambana na Kimura Masahiko wa Japani, bingwa ambaye katika enzi yake hakuwa na mfano. Kimura aliupinda mkono wa mwenzake nyuma ya bega hata ukavunjika, lakini Hélio hakukubali kujisalimisha. Ndugu yake ndiye aliyetupa taulo. Mbinu hiyo huitwa kimura duniani kote, heshima ya ajabu ambayo walioshindwa walimpa mshindi. Lisilosemwa mara nyingi ni sababu iliyomwingiza Kimura katika mapambano ya kulipwa. Mkewe alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu, na dawa ilitaka fedha. Kodokan ilikuwa imemfundisha kila kitu isipokuwa namna ya kuzipata.

Mwaka 1993, tarehe 12 Novemba, Rorion Gracie na wenzake waliandaa mjini Denver, Marekani, shindano la kupambanisha mitindo yote ya kupigana. Royce Gracie, mtu mwembamba kuliko wengi wa wapinzani wake, aliwashinda watatu usiku mmoja akachukua dola 50,000. Tangu usiku huo wanafunzi walimiminika katika madarasa ya jiu-jitsu, na mkanda mweusi ukawa mali. Mwaka uliofuata Carlos Gracie mdogo alianzisha shirikisho la mchezo, na mwaka 1996 yakafanyika mashindano ya dunia ya kwanza mjini Rio.

Hapa ndipo msomaji aliyesimama Ujiji ataanza kuona kitu anachokijua. Katika mashindano hayo makubwa, mshindani ndiye aliyelipa ada ya kuingia. Alijilipia na nauli na malazi yake. Akishinda alivikwa medali, na kwa miaka mingi hata bingwa wa dunia alirudi nyumbani bila senti moja ya zawadi. Basi aliishi kwa nini? Aliishi kwa kufundisha, kwa kualikwa kutoa mafunzo ya siku mbili tatu katika miji ya mbali, na baadaye kwa kuuza masomo yaliyorekodiwa katika video. Shindano lilimlipa jina, naye akaliuza jina penginepo. Ni mpango wenye akili, siukatai. Lakini umeegemea jambo moja, kwamba vijana wengi watalipa ili wapate nafasi ya kuwa miongoni mwa wachache watakaolipwa. Mpagazi wa Kinyamwezi angecheka. Yeye hakumlipa mwenye msafara ili apewe mzigo.

Fedha nyingine zilitoka Ghuba. Sheikh Tahnoon bin Zayed wa Abu Dhabi aliujua mchezo huu alipokuwa masomoni Marekani, na mwaka 1998 akaanzisha mashindano ya kukamatana bila vazi, yajulikanayo kwa herufi ADCC, ambayo yalitoa zawadi za fedha wakati ambapo wengine hawakutoa kitu. Baadaye serikali ya huko iliingiza jiu-jitsu mashuleni, ikawaajiri walimu wa Kibrazili kwa mamia, na tangu mwaka 2009 ikawa na mashindano yake ya kulipwa. Mtawala akiwa mfadhili, mchezaji hupata mshahara wa kila mwezi, jambo ambalo soko peke yake halikuweza kumpa. Lakini mshahara huo wategemea mapenzi ya mtawala, na mapenzi, kama nilivyokwisha kusema, ni siri ya moyo.

Mwezi wa Agosti 2024 ugomvi wa ujira ulitokea hadharani. Bingwa wa ADCC katika uzito wake alikuwa akipata dola 10,000. Craig Jones, mwanamieleka wa Australia, aliandaa shindano lake mjini Las Vegas katika siku zile zile na mji ule ule wa ADCC. Akaahidi dola milioni moja kwa mshindi wa kila fungu kati ya mafungu mawili, na dola 10,001 kwa kila atakayefika kushindana, ashinde asishinde. Ile dola moja iliyoongezwa ilikuwa dhihaka, na kila mtu katika mchezo aliielewa. Wachezaji kadhaa maarufu waliuacha msafara mmoja wakaingia mwingine. Kade Ruotolo na Nick Rodriguez wakawa washindi. Nimesoma maneno ya walioudhika, wakisema vijana hawana shukrani. Yafanana sana na malalamiko ya wasafiri wa karne ya 19 pale wapagazi walipotua mizigo.

Hayo yote ni habari za watu waliokuwa na hiari ya kutua mzigo. Sasa nataka kuwataja wawili ambao hawakuwa nayo, nao ni jirani zetu.

Bukavu uko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, na maji ya ziwa hilo hushuka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Watu wake hutumia Kiswahili sokoni na barabarani. Vita vilipoingia Kivu mwaka 1996, na kurudi tena mwaka 1998, maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi na boti wakafika Kigoma. Kambi ya Nyarugusu, katika wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka huo wa 1996 kwa ajili yao. Popole Misenga, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1992, hakuelekea upande wetu. Mama yake aliuawa vitani, naye akiwa mtoto alikimbilia msituni, akakaa siku nane, kisha akachukuliwa hadi Kinshasa. Yolande Mabika, mzaliwa wa Bukavu pia, alitenganishwa na wazazi wake akiwa mtoto akafikishwa mji huo huo. Huko, katika malezi ya watoto wasio na wazazi, wote wawili walifundishwa judo.

Kinshasa ni mji uliojua zamani jinsi dola inavyoweza kuinunua nguvu ya mpiganaji. Serikali ya Mobutu iliwaahidi Muhammad Ali na George Foreman dola milioni tano kila mmoja ili wapigane pale tarehe 30 Oktoba 1974, na dunia ikatazama. Misenga na Mabika walikuwa wachezaji wa ridhaa. Kwa maelezo ambayo Misenga amewapa waandishi wa habari, mchezaji aliyeshindwa katika pambano alifungiwa na makocha katika chumba kama kizimba kwa siku kadhaa, akilishwa mkate na kahawa tu. Hiyo ndiyo ridhaa iliyokuwapo.

Mwishoni mwa Agosti 2013 walipelekwa Rio de Janeiro kushindana katika ubingwa wa dunia wa judo. Wameeleza kwamba kiongozi wa msafara alitoweka na pasi zao za kusafiria na fedha za chakula, wakabaki hotelini na njaa. Mabika alitoka kwanza, akazunguka barabarani akiwatafuta Waafrika wenzake, na Misenga naye akatoka. Waliomba hifadhi, wakapewa hadhi ya ukimbizi. Misenga akaishi katika mtaa wa maskini, akifanya vibarua vya kupakia na kupakua mizigo ya malori. Sikulitafuta neno hilo kwa ajili ya makala haya. Ndilo neno la Kiswahili la kazi ile.

Waliporudi mchezoni walifundishwa na Geraldo Bernardes katika taasisi ya Instituto Reação, iliyoanzishwa na Flávio Canto, mshindi wa medali ya shaba ya judo mwaka 2004, kwa ajili ya watoto wa mitaa ya maskini. Bernardes alieleza kwamba mwanzoni Misenga alikuwa mkali kupita kiasi mazoezini, akiwatupa wenzake kwa nguvu ya kuumiza. Naona si ajabu, ikiwa mtu alikotoka kushindwa kulikuwa na kifungo. Mwezi wa Juni 2016 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa iliwataja wote wawili katika timu ya wakimbizi ya kwanza katika historia, yenye watu kumi. Tarehe 10 Agosti Mabika alishindwa na Linda Bolder wa Israeli. Siku hiyo hiyo Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, na Wabrazili waliojaa ukumbini wakaliita jina lake. Kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea, aliyekuwa bingwa wa dunia, akashindwa. Hapakuwa na kizimba.

Mtu aweza kusema kwamba judo ya Olimpiki si jiu-jitsu ya kulipwa, na kwamba nimechanganya mambo mawili. Ni kweli kuwa kanuni zao zimetengana. Lakini mikono yao ni ile ile, na Misenga alizaliwa upya kimchezo katika mji ule ule alikovunjwa mkono Hélio Gracie. Lililo muhimu zaidi ni kwamba mgawanyo wetu wa ridhaa na malipo hautoshi kumweleza. Alipokuwa wa ridhaa hakuwa na ridhaa. Alipolipwa, alilipwa kwa kubeba mizigo. Nilipolichunguza jambo hili kwa mara ya kwanza nilidhani kosa liko katika neno, lakini sasa naona neno liko sawa, na sisi ndio tulioliacha litumike bila kuliuliza swali lake. Unguja yatupa mfano mwingine mfupi: ndondi zilikatazwa huko tangu miaka ya 1960, wala hazikuruhusiwa tena mpaka mwaka 2022; katika kipindi hicho judo ilipata walimu na wanafunzi, na Mjapani Shimaoka Tsuyoshi akawa miongoni mwa walioijenga. Wapiga ngumi wa Unguja walikuwa na ridhaa yao kamili, ila hawakuwa na mahali pa kuitumia.

Jumapili tarehe 25 Julai 2021 Kigoma ulipokea watu kwa reli, kwa barabara na kwa ziwa. Simba na Yanga walicheza fainali ya kombe la shirikisho katika uwanja wa Lake Tanganyika, na bao pekee la Simba lilifungwa na Taddeo Lwanga, Mganda aliyeajiriwa kwa mkataba. Kila mtu uwanjani alijua kuwa wale ni watu wa kulipwa, na hakuna aliyeona aibu kwa ajili yao. Wengi waliweza hata kukutajia mishahara yao, kwa kuzidisha kidogo. Siku tatu baadaye, mjini Tokyo, katika ukumbi wa Budokan, Popole Misenga aliingia mkekani kwa mara ya pili katika Olimpiki akiwa katika timu ya wakimbizi, ambayo sasa ilikuwa na watu 29. Mpinzani wake alikuwa Krisztián Tóth wa Hungaria. Misenga alishindwa katika pambano hilo la kwanza, akainama kama desturi ya Kano inavyotaka, akatoka mkekani.